Dari ya Kapernaumu na Nyumba za Tembe

Jioni moja, katika mtaa wa Nkuhungu jijini Dodoma, watu wapatao kumi na wawili tulikuwa tumeketi sebuleni kwa mwenyeji wetu tukisoma sura ya pili ya Injili ya Marko, habari ya mtu mwenye kupooza aliyeteremshwa kutoka juu ya nyumba na watu wanne. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliomba tusimame kidogo. Aliinua macho, akalitazama jipsamu jeupe lililokuwa juu ya vichwa vyetu, kisha akauliza: "Jamani, hivi gharama za ile dari alizilipa nani? Watu wanang'oa bati, wanakata mbao, wanapasua dari ya watu, na mwenye nyumba hasemi neno?" Tulicheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu. Aliyejibu ni bibi mmoja, mzaliwa wa upande wa Mvumi, ambaye kwa kawaida huwa msikilizaji tu. Alisema: "Mjukuu wangu, ile haikuwa bati. Ile ni tembe. Mnachimba, mnamshusha mgonjwa wenu, halafu mnakanda udongo mnaziba. Hata kutwa haiishi."

Nimeyatafakari maneno ya bibi huyo kwa muda mrefu kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu sura ile. Katika Kiyunani cha Marko, kitenzi kilichotumika kwa kazi waliyoifanya wale watu wanne ni cha kuchimba, na mtu hachimbi bati wala mbao, bali huchimba udongo. Wafransisko wawili wanaakiolojia, Virgilio Corbo na Stanislao Loffreda, walianza mwaka 1968 kufukua makazi ya Kapernaumu, wakakuta nyumba za mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila ufundi mkubwa, kuta ambazo zisingeweza kubeba paa zito, na kwa hiyo paa lake lilikuwa la miti iliyolazwa, matawi au matete juu yake, na udongo uliokandwa na kushindiliwa. Hiyo ndiyo tembe, kwa maana ile ile anayoijua Mgogo, mwenyeji wa Dodoma: nyumba ya paa bapa ambalo mtu hupanda juu yake kuanika nafaka, na ambalo kila msimu wa mvua hudai kukandikwa upya. Bibi wa Mvumi hajasoma ripoti ya ufukuaji wowote, lakini aliielewa nyumba ya Kapernaumu kuliko sisi wenye shahada.

Luka anapoisimulia habari hiyo hiyo anataja vigae. Wachambuzi wengi huona kwamba aliwaandikia watu wa miji ya dunia ya Kiyunani na Kirumi, ambako paa la heshima lilikuwa la vigae, naye akaliweka tukio chini ya paa ambalo wasomaji wake wangeliona akilini. Baada ya karne nyingi wakaja watafsiri wa Kiswahili, nao wakaandika "dari". Neno hilo pwani halikuwa na tatizo, kwa kuwa dari ya nyumba ya mawe ya Unguja au Mombasa, iliyojengwa kwa boriti, mawe na chokaa, yaweza kuwa ndiyo paa lenyewe. Neno hilo lilipopanda bara na kukaa miaka kadhaa chini ya mabati, likageuka kuwa ubao au jipsamu. Kijana wetu hakukosea kusoma. Alisoma neno la pwani kwa macho ya Dodoma ya leo, kuhusu nyumba ya Galilaya ambayo bibi yake alikuwa akiishi ndani ya mfano wake.

Hoja yangu katika makala haya inatokana na jioni ile. Tunaposema kwamba Mkristo ajifunze mandhari ya kihistoria na kiutamaduni ya Biblia, kwa kawaida tunafikiria safari ya hatua moja, kutoka hapa tulipo hadi Israeli ya kale. Msomaji wa Kiswahili wa bara ana safari ya hatua mbili. Lugha anayosomea Biblia ilitengenezwa kwa kiasi kikubwa pwani, tangu mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika mwaka 1844, kupitia kazi ya Askofu Edward Steere kule Unguja, hadi Biblia ya Union ya mwaka 1952 ambayo ingali mikononi mwa waumini wengi. Kwa hiyo kati ya Mgogo na Amosi amesimama Mswahili wa pwani, mkarimani mwaminifu lakini mwenye mazingira yake mwenyewe. Asiyelijua hilo atadhani kwamba anaiona Palestina, kumbe anaiona Unguja.

Mfano ulio wazi zaidi ni mvua. Katika Yoeli 2:23 na Kumbukumbu la Torati 11:14, Biblia ya Union inataja mvua ya masika na mvua ya vuli. Kwa mtu wa Tanga au wa Unguja hizo ni misimu miwili inayotenganishwa na kiangazi, masika kuanzia Machi na vuli kuanzia Oktoba. Dodoma haina misimu miwili. Tunayo mvua ya msimu mmoja, inayoanza kwa kusitasita mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni kama milimita 570. Basi mkulima wa Bahi au Chamwino akisikia "masika na vuli" huona jambo la watu wengine, la nchi zenye neema ya mvua mbili. Ajabu ni kwamba Israeli nayo haina misimu miwili. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Oktoba hadi Aprili, na wastani wa Yerusalemu haupishani sana na wetu, takribani milimita 550. Maneno mawili ya Kiebrania, yore na malkoshi, yanataja kichwa na mkia wa msimu huo huo: mvua ya kwanza inayolainisha ardhi iliyokauka ili watu wapande, na mvua ya mwisho, ya Machi na Aprili, inayojaza punje kabla ya mavuno. Ukizifuata kalenda, hata majina ya Kiswahili yamepishana, kwa kuwa mvua iliyoitwa masika hunyesha miezi ya vuli, na iliyoitwa vuli hunyesha miezi ya masika.

Hapa mkulima wa Ugogo angeweza kuwa mwalimu wa somo. Anajua hofu ya uwele uliochanua vizuri kisha mvua ikakatika katikati ya Machi, masuke yakabaki makapi matupu. Anajua pia kwamba mvua ya kwanza peke yake si baraka, kwa sababu humshawishi mtu kupanda, kisha ikamwacha na mbegu iliyooza au kunyauka. Yoeli anapohesabu mvua zote mbili kuwa zawadi moja, anasema kwamba Mungu hatoi mwanzo bila mwisho, na maana hiyo inaonekana wazi zaidi kwa mtu wa msimu mmoja kuliko kwa mtu wa misimu miwili, ambaye akikosa masika husubiri vuli. Tofauti ipo, nayo isisahaulike: mvua ya Yerusalemu huja na baridi, wakati mwingine hata theluji, ilhali yetu huja na joto. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mhubiri wa Dodoma akiyaeleza haya. Wengi wetu tumeyachukua maelezo ya "mvua ya masika ya kiroho" kutoka kwa wahubiri wa mbali, tukaacha shamba lililo nyuma ya kanisa.

Sura ile ile ya pili ya Marko ina neno jingine la pwani. Lawi wa Alfayo alikuwa ameketi "forodhani". Masikioni mwa Mzanzibari neno hilo lina harufu ya bandari, majahazi na makarani wa sultani. Kapernaumu ilikuwa kando ya ziwa, hivyo picha hiyo haikupotoka sana, lakini uzito wa kituo kile ulikuwa pia katika mpaka: mji ulikuwa karibu na mahali ambapo milki ya Herode Antipa ilipakana na ile ya ndugu yake Filipo, na bidhaa zilizopita zilitozwa. Ugogo ina kumbukumbu iliyo karibu zaidi na hali hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na vitambaa iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita katika nchi hii kavu, na watemi waliishika njia kwa kuwa walivishika visima. Msafara ulilipa hongo, kwa nguo, shanga na nyaya, ndipo ukanywa maji. Neno hongo siku hizi limeshuka hadhi na kuwa jina la rushwa, jambo ambalo lenyewe linatueleza jinsi watu wanavyowatazama wenye mamlaka ya kuzuia njia.

Hata hivyo ulinganisho huo unafika mahali ukakatika. Hongo ya Ugogo ilikwenda kwa mtemi wa nchi, mtu wa ukoo unaojulikana, na wenyeji wenyewe hawakuwa na sababu ya kumchukia kwa hilo. Ushuru wa Lawi ulikwenda kwa Antipa, mtawala aliyekaa kitini kwa hisani ya Roma, na mtoza ushuru alijulikana kwa kujiongezea chake juu ya kiwango. Mahubiri mengi husema kwamba Lawi aliwakusanyia Warumi moja kwa moja. Hiyo inamfaa zaidi Zakayo, kwa kuwa Yeriko ilikuwa Uyahudi, chini ya liwali wa Kirumi. Galilaya ilikuwa bado mikononi mwa Antipa. Anayeona kwamba tofauti hii ni ndogo akumbuke kwamba chuki ya jirani kwa jirani anayemtumikia mtawala wa nyumbani haifanani na chuki kwa mgeni.

Nimemtaja Zakayo, na mti wake unastahili kuangaliwa, kwa sababu ndio mfano wangu wa jinsi kufanana kunavyodanganya. Biblia ya Kiswahili inasema alipanda mkuyu, na safari hii watafsiri hawakukisia: ni mti ule ule hasa, jamii ile ile tunayoiona katika makorongo ya Dodoma, wenye matawi mapana yanayoanzia chini kiasi kwamba hata mtu mfupi hupanda bila ngazi. Msomaji wa Ulaya ya kaskazini hulazimika kuchorewa picha. Sisi hatuhitaji. Basi tunapofika Amosi 7:14, nabii anaposema kwamba alishughulika na mikuyu, tunapita haraka tukidhani tumeelewa. Lakini ni nani Dodoma anayeshughulika na mkuyu? Mkuyu wetu hujizalia wenyewe. Ukipasua kuyu lililoiva utawakuta nyigu wadogo kama chembe za vumbi, unawapuliza kabla ya kula, na hao ndio wanaolichavusha tunda. Nyigu hao hawapo Palestina. Huko, ili tunda liive na liwe tamu, mtu ilimpasa apande na kulichanja moja moja kwa kisu, kazi ya mikono inayochosha na isiyo na sifa. Tena mkuyu hauvumilii baridi, haustawi vilimani kama kule Tekoa alikotoka Amosi, bali mabondeni. Kwa hiyo yule mchungaji alikuwa pia mtu wa kuteremka msimu hata msimu kwenda kuchanja makuyu ya tambarare. Amazia, kuhani wa Betheli, alipomwambia akale mkate wake Yuda kwa unabii, alikuwa akisema na mtu ambaye mkate wake aliupata mtini. Hayo yote yamefichwa chini ya neno ambalo kila mtoto wa Ugogo analijua.

Mizabibu ni hivyo hivyo, ingawa nitapita haraka. Sisi tunajivunia zabibu za Dodoma, tunazivuna mara mbili kwa mwaka kwa kupogoa mara mbili, juu ya nguzo na nyaya. Mzabibu wa Isaya au wa Yohana ulilala usingizi wa baridi, ukazaa mara moja tu, mwishoni mwa kiangazi. Mwenye shamba aliyengoja mwaka mzima akapata zabibu-mwitu, kama katika Isaya 5, hakuwa na mavuno ya pili ya kujifariji.

Kutokana na haya nina malalamiko kuhusu namna tunavyofundishana. Vitabu vingi vya mandhari ya Biblia vinavyofika mikononi mwa wachungaji wetu viliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Uingereza au Marekani, kisha vikatafsiriwa au kufupishwa. Mwandishi hutumia kurasa nyingi kumweleza msomaji huyo mambo ambayo kijana wa Kongwa anayajua kwa mikono yake: kupepeta nafaka kwenye upepo, kuchimba kisima na kugombea haki ya kunyweshea mifugo kama watumishi wa Isaka na wachungaji wa Gerari, mahari kuwa makubaliano ya koo mbili na si ya wapenzi wawili. Walawi 3:9 inaagiza mkia wa kondoo wenye mafuta ukatwe wote karibu na uti wa mgongo, na mwandishi wa Ulaya hulazimika kuapa kwamba kondoo wa namna hiyo wapo. Huku wamejaa mnadani. Kisha mwandishi huyo huyo hupita kimya juu ya mambo anayodhani kila mtu anayajua, kama vile baridi ya Desemba, mkate uliochachushwa, au jiji lenye sheria za Kirumi, mambo ambayo ndiyo hasa yanayohitaji kuelezwa hapa. Sioni kwamba tunahitaji mandhari mengi zaidi kuliko wao. Tunahitaji yaliyopangwa kwa ujinga wetu sisi, na ujinga wetu hauko mahali pamoja na wao.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya kuliko kutojua, nayo ni kujua yasiyokuwepo. Mara ngapi tumesikia kwamba "tundu la sindano" lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, ambalo ngamia alipita kwa kupiga magoti baada ya kupakuliwa mizigo? Hakuna mwandishi wa kale anayelitaja lango hilo, na hakuna ufukuaji uliolipata. Maelezo hayo huonekana katika maandishi ya Zama za Kati, zaidi ya miaka mia kadhaa baada ya Yesu. Kwa upande mwingine Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, inataja tembo kupita katika tundu la sindano kama mfano wa jambo lisilowezekana, ishara kwamba watu wa dunia ile walikuwa na mazoea ya chuku ya namna hiyo. Mswahili anaijua chuku na haimpi shida. Aliyehitaji lango ni tajiri aliyetaka apite. Ndiyo maana kila ninaposikia "katika utamaduni wa Kiyahudi", bila kuambiwa habari hiyo imetoka kwa nani na wa karne ipi, huwa natega sikio kwa mashaka.

Wapo ndugu waaminifu wanaopinga shughuli hii yote, wakisema kwamba Roho anatosha na kwamba bibi zetu waliokoka bila akiolojia. Siwadharau. Bibi wa Mvumi ni mmoja wao, na imani yake haikungoja Corbo. Lakini waandishi wa Biblia wenyewe hawakuona hivyo. Kitabu cha Ruthu 4:7 kinasimamisha hadithi mahali pa utamu wake ili kumweleza msomaji kwamba zamani katika Israeli mtu alivua kiatu na kumpa mwenzake kama uthibitisho wa mapatano, kwa sababu msomaji wa baadaye alikuwa tayari ameisahau desturi hiyo. Marko 7:3-4 anaeleza jinsi Wayahudi wanavyonawa kabla ya kula, maana wasomaji wake hawakujua, na mahali pengine anafasiri maneno ya Kiaramu kama "Talitha kumi". Maelezo ya mandhari hayakuletwa na wasomi kutoka nje. Yamo ndani ya mistari.

Historia, nayo, hubadilisha hata namna tunavyosikia lawama. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliivamia Yuda, na katika kumbukumbu zake alijisifu kwa kuteka miji 46 yenye maboma na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Hasemi kwamba aliuteka mji huo. Hezekia alikuwa amejiandaa: alichimbisha mfereji chini ya mwamba, wa urefu wa mita 533, ili kuingiza maji ya chemchemi ya Gihoni ndani ya kuta, na maandishi yaliyopatikana humo mwaka 1880 yanasimulia jinsi makundi mawili ya wachimbaji yaliyoanzia pande mbili yalivyosikia sauti za wenzao mwambani kabla ya kukutana. Soma sasa Isaya 22, ambayo wengi huihusisha na siku hizo. Nabii anawahesabia watu mabirika na maji waliyoyakusanya, kisha anawaambia hawakumwangalia aliyeyafanya hayo tangu zamani. Bila historia, inasikika kama dharau kwa mafundi. Ukiijua, unatambua kwamba Isaya anasema na watu waliofanikiwa, katika mji ambao kazi yake ya maji ilikuwa ya kustaajabisha na kweli ilisaidia. Kwa jiji kama letu, linalokunywa kutoka visima vya Makutupora na kukua kila mwaka tangu serikali ihamie, ujumbe huo una makali zaidi kuliko ule wa kuwalaumu wavivu.

Narudi kwenye nyumba za tembe, kwa kuwa zinatoweka. Vijiji vya Ujamaa vya miaka ya sabini vilizipunguza, bati likamaliza sehemu kubwa, na ninayoiona mara kwa mara njiani kuelekea Mvumi siku hizi hulazwa mbuzi. Zaburi 129:6 inawafananisha wabaya na majani yaotayo juu ya nyumba, ambayo hunyauka kabla hayajakua. Nilipoisoma kwa kikundi chetu, vijana walinitazama tu, kwani juu ya bati haoti kitu. Bibi alisema kwamba alipokuwa msichana majani hayo yalikuwa yanachipua juu ya tembe wiki ya kwanza ya mvua, mabichi kuliko ya shambani, na jua la siku nne likiwaka hayafai hata kumpa ndama. Kijana wa chuo kikuu aliyaandika maneno hayo pembeni mwa Biblia yake.

Kipindi kijacho tutasoma habari ya Gethsemane, jina lenye maana ya shinikizo la mafuta. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona zeituni ikikamuliwa. Tumekubaliana kwanza tupite kwenye mashine ya kukamua alizeti iliyoko karibu, tuone mbegu zikiingia upande mmoja na mashudu yakitoka upande mwingine, halafu tukae chini tuulizane ni wapi mfano huo unatufaa na ni wapi unatupoteza: pale ni chuma na injini, kule lilikuwa jiwe na boriti zikikandamiza vikapu taratibu, usiku wa baridi. Bibi ameomba tumpitie kwa bajaji.